Kilobaiti 100 kwa cheti kimoja

Mdogo wangu alinipigia simu saa tano na dakika arobaini usiku. Maombi ya ufadhili wa masomo yalikuwa yanafungwa saa sita kamili, na fomu ilikuwa imeshaikataa picha ya cheti chake mara nne. "Dada, inasema isizidi KB 100. Yangu ina MB 4.3. Nifanyeje?" Nikamwambia anitumie, nitaibana mwenyewe. Kompyuta ilikuwa mbele yangu, Python naijua, na kazi yenyewe niliiona ya dakika tatu: fungua picha, ihifadhi kwa ubora wa chini kidogo, pima uzito wa faili, ukiona bado ni zito rudia.

Saa sita kasoro dakika tatu fomu ikalipokea faili. Tukalala tumeridhika. Siku tisa baadaye akaletewa ujumbe kwamba cheti hakisomeki, na kwamba anapewa siku tano akitume upya. Nikalifungua faili nililolituma usiku ule, safari hii bila haraka, nikaikuza picha hadi ukubwa wake kamili. Jina lake lilisomeka kwa shida. Namba ya cheti ilikuwa na tarakimu mbili ambazo wewe ungeapa ni 8 na mwenzako akaapa ni 3. Muhuri ulikuwa doa la buluu. Programu yangu ilikuwa imetimiza kile hasa nilichoiagiza, kushuka chini ya KB 100, na ndani yake hapakuwa na mstari hata mmoja uliouliza kama kilichobaki kinasomeka.

Alituma upya, kikapokelewa. Lakini jambo lile lilinikaa moyoni. Watu wengi hukutana na fomu za aina hii wakiwa na dakika chache mkononi, na picha inayoharibika njiani ni ya cheti, kitambulisho au barua ya daktari. Tangu hapo nimeiandika programu ile upya mara tano au sita, na leo nataka kueleza jinsi ninavyoifanya kazi hii sasa, na kwa nini.

Toleo la usiku ule lilikuwa kitanzi, yaani amri zinazojirudia, cha mistari minane. Kilianza na ubora 95, kikawa kinashuka tano tano, nami nikitazama namba zikipita kwenye skrini. Kilipofika ubora 5 faili lilikuwa bado na baiti laki mbili na ushee, na kikomo ni laki moja. Nikapunguza urefu na upana wa picha nusu kwa nusu, nikakianzisha kitanzi upya, kikasimama kwenye ubora 20. Hicho ndicho nilichomtumia mdogo wangu. Tena kulikuwa na kosa la pili ambalo sikuliona mpaka wiki iliyofuata: kila raundi ilikuwa inafungua faili lililohifadhiwa na raundi iliyotangulia, badala ya kurudi kwenye picha ya asili. Kwa hiyo picha ilibanwa, ikabanwa tena ikiwa imeshabanwa, na kila mzunguko ukaongeza madoa yake juu ya madoa ya mwenzake. JPEG hairudishi ilichokitupa. Ukitaka kujaribu ubora kumi tofauti, majaribio yote kumi yaanze na pikseli zilezile za asili.

Lakini swali lililonisumbua zaidi lilikuwa lile la ubora 5. Kwa nini haukutosha? Picha ya karatasi nyeupe yenye maandishi machache, ubora umeshushwa karibu na sifuri, na bado faili ni zaidi ya laki mbili?

Jaribu hili mwenyewe. Tengeneza picha nyeupe tupu, isiyo na kitu chochote, yenye pikseli 4,032 kwa 3,024, ambazo ni vipimo vya kawaida vya picha ya simu yenye megapikseli 12. Ihifadhi kama JPEG kwa kutumia Pillow, maktaba ya Python ya kushughulikia picha, bila kubadilisha chochote ila ubora. Weka ubora 95, kisha weka ubora 1. Utapata faili la takriban baiti 191,000 katika hali zote mbili. Weupe mtupu, na bado umezidi kikomo cha mdogo wangu karibu mara mbili!

Sababu iko kwenye muundo wa JPEG wenyewe, kiwango kilichopitishwa mwaka 1992. Picha hutenganishwa kwanza kuwa tabaka moja la mwangaza na matabaka mawili ya rangi. Matabaka ya rangi kwa kawaida hupunguzwa nusu kwa urefu na nusu kwa upana, kwa kuwa jicho letu haliko makini kwenye rangi kama lilivyo kwenye mwanga na giza. Kisha kila tabaka hukatwa vigae vya pikseli 8 kwa 8, na kila kigae huandikwa peke yake. Kigae kisicho na jambo jipya nacho lazima kiandikwe: "mwangaza wangu ni sawa na wa jirani yangu, na sina kingine cha kusema." Kwa majedwali ya kawaida ya Huffman, yanayoyapa mambo yanayojirudia sana alama fupi, sentensi hiyo hugharimu biti 6 kwa kigae cha mwangaza na biti 4 kwa kigae cha rangi. Kwa kila vigae viwili vya mwangaza kuna kimoja cha rangi. Piga hesabu, utakuta kila kigae cha mwangaza pamoja na sehemu yake ya rangi kinadai biti 8 kamili, yaani baiti moja. Picha ya megapikseli 12 ina vigae 190,512 vya mwangaza, kwa hiyo inadai baiti 190,512 kabla hujaandika herufi moja.

Nilipoipata hesabu hii niliipenda sana, maana inakuambia ukweli mapema: kwa KB 100 na majedwali ya kawaida huwezi kubeba zaidi ya megapikseli 6.4, hata kama picha yako ni ukuta mweupe. Ukiwasha chaguo la `optimize`, Pillow hutengeneza majedwali ya Huffman yanayoifaa picha husika, na picha yetu nyeupe hushuka hadi baiti elfu 71 hivi. Ni nafuu ya bure, haigusi ubora hata kidogo, na sioni sababu ya kuiacha. Lakini elfu 71 kati ya laki moja kwa ajili ya weupe ni kodi nzito. Herufi zitaishi kwenye elfu 29 zilizobaki?

Hapa ndipo nilipobadili mawazo. Baiti 100,000 ni bajeti, na wanaoigawana ni pikseli. Ukiwaita milioni 12, kila mmoja anapata chembe isiyomtosha kusema chochote. Ukiwaita milioni moja na nusu, kila mmoja anapata zaidi ya nusu biti, na kwa JPEG ya waraka hiyo ni riziki nzuri. Kwa hiyo swali la kwanza ni la pikseli: huyu atakayeitazama picha anahitaji ngapi? Ubora unafuata nyuma.

Kwa waraka wa A4 nina kipimo ninachokitumia. Ukiuchapisha kwa nukta 150 kwa inchi, ukurasa mzima ni pikseli 1,240 kwa 1,754. Herufi za ukubwa wa pointi 10 hupata pikseli 20 hivi kutoka juu kabisa hadi chini kabisa, na herufi ndogo kama "a" au "e" hupata kama 10. Hapo jicho linasoma bila kukaza. Picha ya simu ya mdogo wangu ilikuwa na zaidi ya mara mbili ya hizo kila upande. Zote zilikuwa ziada, na kila ziada ilikula kwenye sahani moja na namba ya cheti.

Tuje kwenye ubora, kwa sababu namba hiyo 1 hadi 100 watu huidhani ni asilimia. Si asilimia ya kitu chochote. Kila kigae kikishakatwa hupitishwa kwenye hesabu ya kosaini, mbinu ambayo Nasir Ahmed pamoja na T. Natarajan na K. R. Rao waliichapisha mwaka 1974. Hesabu hiyo hubadili pikseli 64 kuwa namba 64 nyingine: ya kwanza ni wastani wa mwangaza wa kigae, zinazofuata ni mawimbi mapole, na za mwisho ni mawimbi ya kasi, ndiyo kingo kali na mistari myembamba. Kisha kila namba hugawanywa kwa kigawanyo chake kutoka kwenye jedwali, na jibu hukadiriwa kuwa namba nzima. Upotevu wote mkubwa hutokea kwenye ukadiriaji huo. Kinachofanywa na ubora ni kukuza au kupunguza vigawanyo.

Kwenye libjpeg, maktaba ambayo programu nyingi zimejengwa juu yake, ubora 50 hutumia jedwali la msingi kama lilivyo. Ubora 75 hugawa vigawanyo nusu. Ubora 100 huvifanya vyote kuwa 1. Ukienda chini ya 50 vigawanyo hukua kwa kasi: ubora 25 huvizidisha mara mbili, ubora 10 mara tano. Kigawanyo cha kwanza kwenye jedwali la msingi ni 16, kwa hiyo kwenye ubora 10 kinakuwa 80, na maana yake ni kwamba wastani wa mwangaza wa kigae unaweza kusogea kwa hatua za 10 tu katika mizani ya 0 hadi 255. Ndiyo maana anga laini hugeuka ngazi. Kwa upande wa mawimbi ya kasi jedwali la msingi lina vigawanyo kama 99 na 121. Vizidishe, utaona kwamba mstari mwembamba wa tarakimu, ule unaotofautisha 8 na 3, unagawanywa kwa namba kubwa kuliko wenyewe, unakadiriwa kuwa sifuri, na umekwenda. Usiku ule nilishuka hadi 20, ambapo vigawanyo huzidishwa mara mbili na nusu. Tarakimu za mdogo wangu hazikuwa na pa kusimama.

Kwa sababu hiyo programu yangu sasa ina sakafu. Kwa nyaraka zenye maandishi sishuki chini ya 60. Kwa picha ya uso ninakubali 50. Ni uamuzi wangu baada ya kutazama picha nyingi, na mtu mwingine anaweza kuweka 65, lakini sakafu lazima iwepo. Ikigoma kutosha kwenye sakafu, programu ipunguze pikseli, kisha ijaribu tena.

Kuhusu namna ya kuutafuta ubora wenyewe, kushuka tano tano ni kupoteza muda na pia ni kupoteza ubora, maana ukikuta 70 ni zito na 65 linatosha, huwezi kujua kama 69 lingetosha. Gawanya nusu kwa nusu. Jaribu katikati; likitosha, tafuta juu yake; likizidi, tafuta chini yake. Kati ya 1 na 95 utamaliza kwa majaribio yasiyozidi 7, na kati ya 60 na 95 yasiyozidi 6.

```python
import io
from PIL import Image, ImageOps

def andika(picha, ubora):
    pipa = io.BytesIO()
    picha.save(pipa, "JPEG", quality=ubora, optimize=True)
    return pipa.getvalue()

def tafuta_ubora(picha, kikomo, chini, juu=95):
    jibu = None
    while chini <= juu:
        kati = (chini + juu) // 2
        faili = andika(picha, kati)
        if len(faili) <= kikomo:
            jibu = (kati, faili)
            chini = kati + 1
        else:
            juu = kati - 1
    return jibu
```

Majaribio yote yanafanyika kwenye kumbukumbu, hakuna kinachogusa diski mpaka jibu lipatikane. Nimesimama kwenye 95 kwa sababu juu ya hapo faili huvimba sana na jicho haliambulii kitu. Hata maelezo ya Pillow yenyewe yanashauri kutopita 95. Kuna jambo moja la kujua: hakuna sheria inayohakikisha kwamba ubora 71 utatoa faili kubwa kuliko ubora 70. Karibu mara zote ndivyo inavyokuwa, lakini ukadiriaji una vituko vyake, hasa kwenye picha ndogo. Utafutaji huu ukikutana na kituko hicho unaweza kukosa jibu bora kwa hatua moja. Hauwezi kukuletea faili linalozidi kikomo, kwa sababu unahifadhi lile tu lililopimwa likafaa. Huo ni upande ninaokubali kukosea.

Kitanzi cha nje ndicho kinachopunguza vipimo.

```python
def bana(picha, kikomo, sakafu=60, upande_mdogo=600):
    asili, kipimo = picha, 1.0
    while min(picha.size) >= upande_mdogo:
        jibu = tafuta_ubora(picha, kikomo, sakafu)
        if jibu:
            return jibu
        uzito = len(andika(picha, sakafu))
        kipimo *= 0.95 * (kikomo / uzito) ** 0.5
        vipimo = (round(asili.width * kipimo),
                  round(asili.height * kipimo))
        picha = asili.resize(vipimo, Image.LANCZOS)
    return None
```

Kipeuo cha pili (ile `** 0.5`) kimeingia hapo kwa sababu uzito hufuata eneo. Faili likiwa zito mara nne ya kikomo, kila upande unapaswa kupungua nusu. Ile 0.95 niliiongeza baada ya kuona makadirio yangu yanakosea kila mara kwa upande uleule: picha iliyopunguzwa hubaki nzito kuliko hesabu ya eneo inavyosema. Ukitafakari inaeleweka. Unapoipunguza picha, mambo yaleyale yanabanana kwenye pikseli chache, kila kigae kinabeba habari nyingi zaidi, kwa hiyo kila pikseli inadai zaidi ya ilivyokuwa ikidai mwanzo. Na uangalie kwamba kila upunguzaji unaanzia kwenye `asili`. Kosa langu la zamani sitaki lirudi kwa mlango mwingine.

Halafu ile `None` ya mwisho, yaani programu kurudi mikono mitupu. Nilibishana na nafsi yangu juu yake kwa muda mrefu, kwa sababu mtu aliyebakiwa na dakika kumi hataki kuambiwa haiwezekani. Lakini programu inayokubali kila kitu ndiyo iliyomletea mdogo wangu ule ujumbe. Afadhali isimame na kusema kwamba kwa kikomo hiki waraka huu hautasomeka, mtu apige picha upya kwenye mwanga mzuri, au akate pembeni.

Kukata pembeni! Niliporudia kazi ya cheti kile kwa utulivu, nilikuta karibu theluthi ya picha ni meza. Meza ya mbao, yenye mistari ya mbao, na mistari ya mbao ni chakula kitamu kwa JPEG: kingo ndogondogo zisizo na mpangilio, kila kigae kina jambo la kusema. Karatasi nyeupe ilikuwa haidai kitu, mbao zilikuwa zinakula bajeti. Juu ya hapo picha ilipigwa usiku chini ya balbu, kwa hiyo kamera ilikuwa imejaza chembechembe za kelele kila mahali, na chembechembe nazo ni habari mbele ya hesabu ya kosaini. Haijui kwamba hakuna anayezihitaji. Nilikata hadi kwenye ukingo wa karatasi, nikapitisha kichujio chepesi cha kati (median) cha pikseli 3, kinachofuta chembechembe, kabla ya kupunguza, nikashuka hadi pikseli 1,500 kwa 1,060. Utafutaji ulisimama kwenye ubora 68, baiti 98,912. Rangi ya muhuri ilibaki, namba ikasomeka yote. Kikomo kilekile, cheti kilekile.

Mambo madogo yaliyoniuma kwa nyakati tofauti niyataje haraka. KB kwa wengine ni baiti 1,000 na kwa wengine ni 1,024. Windows huhesabu kwa 1,024, macOS tangu mwaka 2009 huhesabu kwa 1,000. Fomu ikisema KB 200 inaweza kumaanisha 200,000 au 204,800, nami huchukua ndogo siku zote. Na kama mfumo unapokea picha ikiwa imegeuzwa kuwa maandishi ya Base64, kila baiti 3 huwa herufi 4, kwa hiyo kikomo kilichowekwa kwenye upande huo hukukata robo nzima bila kukuambia.

Simu nyingi haziizungushi picha yenyewe, huandika tu kwenye taarifa za Exif, maelezo yanayofichwa ndani ya faili la picha, kwamba izungushwe wakati wa kuonyeshwa. Ukihifadhi upya bila taarifa hizo, cheti kinalala ubavu. Ndiyo kazi ya `ImageOps.exif_transpose`, na iitwe mwanzo kabisa, mara tu baada ya kufungua picha. Baada ya hapo ninaziacha Exif zipotee kwa makusudi, kwani mara nyingi ndani yake kuna mahali picha ilipopigwa, na hakuna sababu ya mtu kuambatanisha nyumbani kwake na ombi la masomo. Profaili ya rangi, maelezo yanayoiambia skrini namna ya kuzionyesha rangi za picha, ni habari nyingine. Pillow haiandiki kwenye JPEG usipoikabidhi mwenyewe, na picha za simu zenye rangi pana hupauka ikikosekana. Kwa nyaraka sijali sana. Kwa picha za watu ninageuza rangi kuwa sRGB, mpangilio wa kawaida wa rangi za skrini, kwanza, kwa kuwa ngozi ya mtu iliyopauka ni kosa. Profaili za uchapishaji wa rangi nne zenyewe huweza kuzidi nusu megabaiti, hivyo ukikutana na faili lisiloshuka kamwe, chungulia huko.

PNG yenye uwazi haiingii kwenye JPEG. Pillow itakataa, na ukilazimisha kwa kubadili aina ya rangi bila kufikiri, mahali palipokuwa wazi panaweza kuwa peusi. Ibandike juu ya mandhari nyeupe. Na kama picha ni ya skrini, yenye maandishi makali na rangi chache bapa, usiipeleke JPEG kabisa ikiwa fomu inaruhusu PNG. Ipunguzie rangi hadi 32 au 64, utashangaa inavyokuwa nyepesi huku herufi zikibaki kali kama wembe. PNG haina ubora wa kupandisha na kushusha. Kile kiwango chake cha 0 hadi 9 ni juhudi ya kubana tu, pikseli hubaki zilezile.

Wapo watakaosema zana zipo tayari, kwa nini nijisumbue. Ni kweli zipo. ImageMagick ina `-define jpeg:extent=100KB`, jpegoptim ina `--size`, na cwebp, zana ya aina nyingine ya picha iitwayo WebP, hupokea ukubwa unaoutaka kwa baiti kupitia `-size`. Ninazitumia, hasa nikiwa na picha mia moja za kubana kwa mkupuo na vipimo vyake nimeshavishusha. Zinapewa kikomo, zinashusha ubora mpaka kitimie, na haziulizi juu ya pikseli wala sakafu. Kwa maneno mengine zinafanya kwa ufundi mzuri zaidi kile nilichokifanya usiku ule.

Toleo ninalolipenda kuliko yote ni la mwisho, linalokwenda ndani ya kivinjari. Picha inachorwa kwenye turubai (canvas, eneo la kuchorea la kivinjari), amri yake ya `toBlob` inaombwa JPEG kwa ubora kati ya 0 na 1, na utafutaji ni uleule wa nusu kwa nusu. Kitambulisho cha mtu hakitoki kwenye simu yake hata sekunde moja. Nililiandika kwa sababu mdogo wangu aliniambia kwamba marafiki zake hupeleka vyeti vyao kwenye kurasa zozote wanazozikuta zikitangaza kubana picha bure, na hilo lilinihuzunisha. Kuna mitego miwili. Turubai hutumia baiti 4 kwa kila pikseli, kwa hiyo picha ya megapikseli 12 inadai karibu megabaiti 49 za kumbukumbu, na simu nyingine huishia hapo. Punguza vipimo mapema. Mtego wa pili ulinila jioni nzima: ukiomba aina ya picha ambayo kivinjari hakiwezi kuiandika, hakikulalamikii, kinakurudishia PNG kimyakimya. Ubora hauna maana kwenye PNG, kwa hiyo utafutaji unashuka hadi chini huku uzito hausogei. Nilipojaribu WebP kwenye simu ya rafiki yangu ndipo nilipoliona. Sasa kabla ya kupima uzito ninakagua `blob.type`, yaani aina ya faili niliyorudishiwa.

Hatua ya mwisho kwenye ukurasa huo haina hesabu yoyote. Programu ikishapata jibu, inachukua faili lililobanwa lenyewe, inaonyesha kipande chake cha chini kwa ukubwa kamili, pikseli kwa pikseli, na kumwomba mtu aandike namba ya cheti anayoiona pale. Mdogo wangu ndiye aliyekuwa wa kwanza kuijaribu, tukiwa kwenye simu. Nikamwambia asitazame karatasi aliyoshika, asome kwenye skrini tu. Akanisomea tarakimu moja moja hadi ya mwisho, nami nikazifuatilia kwenye nakala ya asili iliyokuwa mbele yangu. "Ya sita ni ngapi?" nikamuuliza. "Tatu, Dada," akasema. Ilikuwa tatu.